Nani wa Mwisho?

Siku ya kusajili masomo, mwaka wetu wa kwanza chuo kikuu, tulijazana mbele ya mlango wa ofisi ya kitivo tukisukumana mabega. Ndani alikuwamo karani mmoja tu. Kila alipofungua mlango kidogo, sote tulisogea kwa pamoja, naye akaufunga tena kwa hofu ya kukanyagwa. Tulikuwa hivyo tangu asubuhi, na hakuna aliyekuwa amesajiliwa.

Ndipo akaja mama mmoja mwenye mkoba begani na viatu vyeupe vya kazini. Hakusukuma mtu. Alisimama nyuma yetu, akauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi mezani:

"Nani wa mwisho?"

Tulitazamana. Hapakuwa na wa mwisho kwa sababu hapakuwa na foleni. Lakini swali lilikuwa limekwisha kuulizwa, na lilining'inia pale likidai mtu. Mwenzetu mmoja mrefu sana, ambaye baadaye tulimwita Mlingoti, akainua mkono kwa wasiwasi.

"Labda mimi?"

"Haya. Mimi niko nyuma yako. Na wewe uko nyuma ya nani, baba?"

Mlingoti akatafuta mtu wa kuwa nyuma yake. Yule naye, alipoguswa bega, akatafuta wake. Karani alipochungulia tena, alikuta mstari ulionyooka kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi, na kwa mshangao akausahau mlango wazi. Tangu siku hiyo tulimwita yule mama Mama Foleni. Jina lenyewe alilipokea kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichopotea.

Alikuwa mkubwa kuliko sote darasani, na kuliko wahadhiri kadhaa. Asubuhi alikuwa mhudumu wa mapokezi katika kliniki ya meno. Mchana alivua koti jeupe, akalikunja vizuri ndani ya mkoba, akaja kusomea shahada ya kwanza ya sosholojia akiwa bado ananukia dawa ya ganzi. Daktari mwenye kliniki ndiye aliyempa ruhusa ya mchana, na aliitoa kwa masharti yaliyoeleweka.

"Nakupa muda wa shahada, sikupi muda wa kurudia shahada," alimwambia. "Ukimaliza na wenzako, hongera. Ukibaki nyuma, dirisha la mapokezi linakungoja asubuhi na mchana."

Mama Foleni alikuwa akituigizia maneno hayo kwa sauti nzito, huku ameshika kalamu kama koleo la kung'olea meno. Tulicheka, lakini tulijua kwamba hayakuwa mzaha. Sisi wengine tukifeli tungerudia mwaka. Yeye angerudi dirishani.

Ukimuuliza ni nini kilichompeleka darasani katika umri ule, hakusema habari za cheo wala za ndoto za utotoni. Alisema ni minong'ono. Miaka yote aliyokaa mapokezi aliwaona watu wakiingia kliniki wakiwa na sauti zao za barabarani, na wakishaketi tu wananong'ona. Alianza kujiuliza kwa nini. Alimuuliza mume wake, ambaye ni fundi wa majokofu.

"Wananong'ona kwa sababu wanaumwa," mume alisema, kichwa kikiwa ndani ya friji la mteja.

"Wanaoumwa miguu mbona hawanong'oni?"

"Basi ni kwa sababu wanaumwa mdomo."

"Na wale waliowasindikiza? Wale mdomo ni mzima."

Fundi alitoa kichwa, akamtazama mkewe, akakirudisha ndani ya friji.

Kisha binti yao mkubwa akaanza kutafuta masomo ya kusoma chuoni. Jioni moja alikuwa akisoma kwa sauti kijitabu cha chuo, mama yake akipiga pasi sare za shule za mdogo wake. Akapita udaktari, akapita uhasibu, akafika kwenye sosholojia: somo linalochunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja, na kwa nini wanaishi hivyo. Pasi ikasimama.

"Rudia hapo," mama akasema.

"Hiyo siitaki, Mama. Mimi nataka uhandisi."

"Sikusema uitake. Nimesema rudia."

"Mama, unaunguza sketi!"

Sketi iliungua kidogo upindoni. Mdogo mtu aliivaa hivyo hivyo muhula mzima, na kila aliyemuuliza alijibiwa kwamba hiyo alama ni ya siku Mama alipopata chuo.

Nyumbani si wote waliofurahi mara moja. Mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi nao, alitaka kuelezwa vizuri.

"Yaani unakwenda kusomea nini hasa?"

"Watu, Mama."

"Watu! Si unawaona bure kila siku?"

Fundi friji naye alipata la kusema kwa wateja wake. "Mke wangu anasomea umbea," alikuwa akiwaambia, kifua mbele. "Lakini umbea wa shahada."

Mhadhara wetu wa kwanza ulimfaa kama kiatu kilichopimwa. Mhadhiri aliingia, akaweka vitabu mezani, akatutazama. Tulikuwa tumekaa sote nyuma. Safu za mbele zilikuwa tupu kabisa.

"Nani amewaambia mkae huko?" akauliza.

Tukasema hakuna.

"Hakuna, na bado mmetii. Kazi ya somo hili ni kumtafuta huyo hakuna."

Mama Foleni alinishika mkono kwa nguvu hadi pete yake ikaniumiza. "Umesikia, mwanangu?" alininong'oneza. "Kumbe kuna watu kazi yao ni kuuliza haya!"

Tangu hapo hakuna kilichopita mbele yake bila kuulizwa. Alitaka kujua kwa nini kila mtu nyumbani kwake ana kiti chake mezani na nani alivigawa. Alitaka kujua kwa nini wateja wa mumewe huomba radhi kwa friji chafu kama kwamba fundi amekuja kukagua usafi. Siku moja alihamia kiti cha binti mdogo wakati wa kula ili aone itakuwaje. Ikawa kilio.

"Mama anatuchunguza tena!" binti mkubwa akalalamika.

"Siwachunguzi, nawatazama."

"Ukitazama hukunji jicho. Hilo ni jicho la chuo."

Nasi wenzake alitufundisha jambo moja ambalo halikuwa kwenye ratiba: kushangaa bila aibu. Darasani wengi wetu tulikuwa tunaandika kila neno la mhadhiri bila kuinua macho. Yeye aliandika kidogo, akatazama sana, na akitoka alikuwa na maswali mengi kuliko majibu, akiyafurahia kama mtoto mwenye mifuko iliyojaa vijiwe.

Mwaka wa tatu kila mwanafunzi alitakiwa kufanya utafiti wake na kuutetea mbele ya jopo. Wengine walichagua mada kubwa zenye maneno mazito. Mama Foleni alichagua chumba cha kusubiria cha kliniki yake.

Nilikuwa nimefika pale mara kadhaa kumpelekea vitabu. Ni chumba cha kawaida: mabenchi mawili yanayotazamana, viti vya plastiki ukutani, feni inayotikisika kama inataka kujing'oa, na picha ya jino lenye macho linalotabasamu. Mwishoni kuna dirisha la mapokezi lenye kioo kilichokatwa tundu la nusu duara. Kliniki ile haitoi namba. Mgonjwa akiingia huuliza, "Nani wa mwisho?" Mmoja huinua kidole, na mgeni huketi popote penye nafasi. Baadaye wengine huhama kukimbia feni, wengine hutoka kupiga simu, wengine husinzia. Viti havisemi lolote kuhusu nani yuko mbele ya nani. Hata hivyo daktari akibonyeza kengele, husimama mtu mmoja, na ni yule hasa ambaye zamu ni yake.

"Hakuna anayewaita," Mama Foleni alituambia, macho yakimng'aa. "Mimi siiti jina. Daktari haiti jina. Nusu yao hawawezi kusema, mashavu yamevimba. Sasa wanajuaje?"

Kwa miezi mingi alitazama kutoka dirishani, akaandika, akafikia hitimisho lililomfurahisha mno: wageni wasiojuana wanaweza kujenga utaratibu wao wenyewe bila kiongozi. Tasnifu yake akaiita "Foleni Isiyo na Msimamizi". Aliichapisha, akaifunga kwa jalada la bluu, akampelekea msimamizi wake, mhadhiri mpole anayependa kusafisha miwani kwa ncha ya tai.

Mhadhiri alisoma yote. Kisha akauliza swali moja tu.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Dirishani, mwalimu."

"Dirishani najua. Nauliza, wewe ulikuwa wapi?"

Alitoka akiwa amechanganyikiwa. Tulikaa kantini kumsaidia kufumbua.

"Amechoka yule," Mlingoti akasema. "Anauliza jambo moja mara mbili."

"Labda anataka ramani," nikasema mimi.

Basi tukamchorea ramani. Tuliichora kwa rula: mabenchi, viti, feni, mlango, hata jino linalotabasamu, na kwenye dirisha tukatia alama kubwa ya msalaba. Tukaandika pembeni: mtafiti. Mama Foleni akaiambatisha na kuirudisha kwa mwalimu wake. Mhadhiri akaitazama ile ramani kwa muda mrefu, akatabasamu, akasafisha miwani, akasema tutaonana kwenye jopo.

Siku chache kabla ya jopo, gego la Mama Foleni likaanza kuuma.

Kwanza alilificha. "Mtu wa mapokezi wa kliniki ya meno ana jino bovu! Ni sawa na zimamoto kuunguliwa nyumba," alisema.

"Acha hizo," mumewe akamjibu. "Friji letu limekufa tangu mwaka jana. Umeniona nikilia?"

Shavu lilipovimba hakukuwa tena na cha kuficha. Daktari akamwambia apite moja kwa moja, lakini yeye alikataa katakata. Jino lilikuwa limempa nafasi ambayo hakuwa ameifikiria: angekaa kwenye benchi, kama mgonjwa yeyote, aone foleni yake kutoka ndani. Hata maumivu yalionekana kupungua alipokuwa akinieleza, na aliniomba nimsindikize.

Nafasi yake dirishani siku hiyo ilichukuliwa na dada mfagiaji, mcheshi kweli kweli.

"Nifanye nini?" mfagiaji akauliza, akijiweka sawa nyuma ya kioo.

"Usifanye chochote," Mama Foleni akamwambia kwa taabu, kitambaa kikiwa kimefungwa kutoka kidevuni hadi utosini. "Mimi huwa sifanyi chochote."

"Kumbe ndiyo maana hunenepi kwa kazi wala hukondi!"

Tulikuwa pale dirishani tangu mlango ulipofunguliwa, wagonjwa wakiingia mmoja mmoja mbele ya macho yetu. Kisha tukaingia chumbani. "Nani wa mwisho?" Mama Foleni akauliza, ingawa kwa mdomo ule lilitoka kama mtu anayezungumza ndani ya ndoo. Mzee mwenye kofia akainua kidole. Tukaketi kwenye benchi, na yeye akanikonyeza: tazama sasa.

Kengele ikalia. Wakasimama watu wawili.

Mmoja alikuwa mama wa makamo mwenye kilemba cha kijani, mwingine dereva wa lori, bado ameshika funguo.

"Samahani, kaka, ni mimi," mama wa kilemba akasema.

"Wewe? Dada yangu, umenikuta hapa."

"Nilitoka kupiga simu tu, nikarudi nikakukuta umelala na mdomo wazi! Kulala si kupanga foleni."

"Kwani jino likiuma mtu hafumbi macho?"

"Unafumba macho mpaka unakoroma?"

Chumba kizima kikageuka kuelekea dirishani. Nyuma ya kioo dada mfagiaji alikuwa akiwatabasamia wote kwa usawa, kama lile jino la kwenye picha. Watu wakasubiri kidogo. Kisha, polepole, nyuso zile zikahama kutoka dirishani zikaja kwenye benchi letu, moja baada ya nyingine, zikatua kwa Mama Foleni.

Na hapo nikaona. Kidevu chake, ndani ya kile kitambaa, kikainuka kidogo sana kumwelekea mama wa kilemba cha kijani.

Dereva akaketi palepale. Mama wa kilemba akaingia ndani.

Mama Foleni alishika kidevu chake kama mtu aliyetuliwa na nzi.

"Nimefanya nini?" akaninong'oneza.

"Umeinua kidevu."

"Mimi?"

"Wewe, Mama."

Akafumba macho. Nilidhani ni jino. Baadaye aliniambia kwamba wakati ule jino alilisahau kabisa. Alikuwa akizikumbuka asubuhi zake zote za dirishani, kengele baada ya kengele, na kwa mara ya kwanza alikuwa akijiona mwenyewe: akiinua macho kutoka kwenye kazi yake, akimtazama mwenye zamu, akiinua kidevu, akirudi kwenye kazi. Aliona kila aliyeingia mlangoni, kwa hiyo alijua mpangilio. Wagonjwa walijua kwamba anajua. Hakuwahi kusema neno, na kwa sababu hakusema neno hakuwahi kujihesabu. Swali la mwalimu wake lilikuwa rahisi kuliko tulivyodhani, na sisi tulikuwa tumelijibu kwa rula.

Zamu yake ilipofika aliingia, likang'olewa gego, akatoka na pamba mdomoni. Hakuweza kuzungumza. Nilimfikisha nyumbani, ambako mume wake alipiga makofi.

"Kimya nyumba hii! Daktari apewe nishani."

Lakini mkewe aliketi, akachukua ile tasnifu ya jalada la bluu, akaonyesha jina lake kwa kidole, kisha akajionyesha kidevu. Ilibidi mimi nieleze. Ganzi ilipoisha nguvu wote walikuwa wamekwisha kuelewa ubaya wa mambo. Tasnifu nzima ilisema foleni haina msimamizi, na msimamizi alikuwa amekaa hapo akinywa chai baridi kwa upande mmoja wa mdomo.

"Nani mwingine anajua?" fundi akauliza.

"Mimi," Mama Foleni akasema.

"Na mimi sasa."

"Na mimi," binti mkubwa akasema.

"Na mimi, ingawa sijaelewa vizuri," bibi akaongeza kutoka chumbani.

"Basi msiseme," fundi akasema, safari hii bila mzaha. "Mama watoto, ukiwaambia jopo kwamba umekosea watakwambia urudie. Ukirudia, mchana wako umekwisha. Daktari hakukuficha."

"Najua."

"Ukinyamaza unapata shahada yako. Ni kidevu tu!"

"Baba watoto, wewe ukirudisha friji kwa mteja na unajua halipoi, unasemaje?"

Fundi akakuna kichwa. "Nasema lisubiri kidogo."

"Unasema hivyo?"

"Hapana. Nalifungua tena." Akavuta pumzi. "Lakini mimi sina jopo."

Asubuhi iliyofuata alirudi kazini, kitambaa bado kimefunika kidevu. Safari hii alikifunga kwa makusudi ili kidevu kisiinuke, akageuza kiti chake akatazama ukuta wa pembeni, na kuutazama ule umati kwa jicho la kuiba. Tulikuwa tumeafikiana kwamba kama kweli yeye ndiye msimamizi, basi bila yeye foleni itavunjika. Na ilivunjika, asubuhi ile. Watu walisimama wawili wawili, wakarushiana maneno, mzee mmoja akaapa hatarudi tena hata meno yakiisha yote.

Lakini asubuhi zilizofuata likatokea jambo jingine, na aliponisimulia alikuwa haketi kwa furaha. Foleni ilianza kujishona yenyewe. Kengele ikilia, watu hawakutazama tena dirishani. Walimtazama mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki kinachokabili mlango, na yule mtu, bila kujijua, aliinua kidevu.

"Mtu gani?" nikamuuliza.

"Ndilo jambo lenyewe, si mtu! Ni kiti! Yeyote anayekaa pale anaona wote wanaoingia. Akiingia kwa daktari, atakayekikalia baada yake anapokea kazi. Leo amekikalia msichana wa shule mwenye nyaya za meno. Mwanangu, ameongoza watu wazima kama brigedia, na mikono yake imejaa pipi!"

Lakini asubuhi zilikuwa chache, na jopo halikungoja. Aliingia chumba cha mikutano na tasnifu ileile ya bluu, yenye kichwa kilekile. Sisi tuliruhusiwa kukaa nyuma. Mbele walikuwa watatu: profesa mwenyekiti, ambaye ni mama mwenye sauti tulivu; mhadhiri mgeni kutoka chuo kingine, uso mkavu kama karatasi ya mtihani; na msimamizi wake, aliyekaa upande unaotazama mlango.

"Karibu," profesa akasema. "Tueleze ulichokipata."

Mama Foleni alisimama. Nilijua kwamba angeweza kusoma muhtasari wake na kuondoka na shahada. Nilijua pia kwamba hatafanya hivyo, kwa jinsi alivyoiweka tasnifu mezani, uso chini.

"Tasnifu mliyosoma ina kosa," akasema, "tangu ukurasa wa kwanza."

"Kosa gani?"

"Mimi."

Akaeleza yote: jino, benchi, kilemba cha kijani, kidevu, ramani yenye msalaba, kiti kinachokabili mlango. Hakujipamba wala hakujilaumu. Alieleza kama mtu aliyefungua kabati nyumbani kwake akakuta chumba kingine ndani. Msimamizi wake alisafisha miwani muda wote huo, na nadhani hakuwa akiona chochote.

Mhadhiri mgeni hakushawishika. "Asubuhi chache hazitoshi," akasema. "Umetuletea tasnifu ambayo wewe mwenyewe huiamini, na nyingine ambayo hujaiandika. Mimi naona utafiti urudiwe."

Neno hilo likaanguka katikati ya chumba. Mama Foleni alishika ukingo wa meza, na nilijua anaona nini: dirisha la kioo, asubuhi na mchana.

"Wenzangu mna maswali?" profesa akauliza.

Kikafuata kile kimya cha watu wenye heshima ambapo kila mmoja anamwachia mwenzake. Profesa akamtazama msimamizi. Mgeni akamtazama msimamizi. Na msimamizi akainua kidevu kidogo kumwelekea profesa.

Mama Foleni akaangua kicheko, akaziba pengo la jino kwa kiganja.

"Unacheka nini, mama?" mgeni akauliza.

"Nisamehe, mwalimu. Ni kidevu."

"Cha nani?"

Sote tulikuwa tumekwisha kutazama. Msimamizi alikuwa ameshika kidevu chake kwa vidole viwili, vilevile kama alivyofanya Mama Foleni kwenye benchi. Profesa alicheka kwanza. Mgeni alijikaza, akakohoa, akafungua ukurasa na kuufunga. Alipoinua uso alikuwa mtu mwingine kidogo. Alikuwa na swali.

"Na huyu anayeinua," akasema polepole, "kweli hajui?"

"Hajui."

"Akishajua?"

"Kinamgomea, mwalimu. Mimi tangu nijue, kidevu changu kimekuwa kizito kama cha kuazima. Ndiyo maana ilibidi kiti kichukue kazi." Akafikiri. "Au labda kiti kilikuwa kikisubiri siku zote. Hilo sijui. Ningependa sana kujua."

Mgeni akaandika kitu. Tulitolewa nje wakajadiliana, na pale ukumbini Mama Foleni alitembea kutoka ukuta hadi ukuta, akipapasa pengo kwa ulimi. Tulipoitwa tena, profesa ndiye aliyesema. Amefaulu, kwa sharti la kuandika upya sura ya matokeo na kubadilisha kichwa cha tasnifu kabla ya likizo kwisha. Mgeni akaongeza kwamba yeye mwenyewe angependa kuisoma hiyo sura, asubuhi chache au nyingi.

Aliiandika. Likizo nzima alikaa dirishani asubuhi na mezani mchana, huku fundi akipika na kuunguza. Kichwa kipya kilikuwa kirefu na hakikuvutia hata kidogo, naye alikipenda. Daktari aliposikia habari za foleni yake alitaka kununua mashine ya kutoa namba. Mama Foleni alimsihi asubiri kwanza, kwa sababu alikuwa hajamaliza kuitazama.

Siku ya kuchukua majoho ya mahafali tulikutana tena mbele ya mlango uleule wa kitivo. Ungedhani miaka mitatu haikutufundisha lolote: mabega, kelele, karani anachungulia na kufunga. Mama Foleni alifika akitokea kazini, viatu vyeupe miguuni, akasimama nyuma. Nilimngoja aulize. Hakuuliza. Alikuwa ameshika kidevu chake kwa mkono mzima, amekunja lile jicho lake, akitutazama.

"Mama, si useme?" nikamwambia. "Tutakaa hapa mpaka jioni."

"Sisemi. Nataka kuona nani atasema."

Tukasukumana. Karani akafungua, akafunga. Jua likahamia upande wetu wa ukuta, na watu wakaanza kutupiana maneno. Yeye hakusogea. Kisha kutoka kwenye ngazi, akiwa amechelewa kama kawaida yake, akaja Mlingoti. Akausoma ule msongamano kutoka juu ya vichwa vyetu, akakuna shingo, akaita kwa sauti ya kawaida:

"Jamani, nani wa mwisho?"

Mama Foleni akaachia kidevu chake, akatabasamu hadi pengo likaonekana, na kuinua kidole.

"Mimi, baba," akasema. "Kaa nyuma yangu."